Kikokotoo cha kasi ya kukata na fidi: namna ya kukitumia bila kuunguza biti

Kabla hujabonyeza swichi, mashine yoyote ya kukata chuma inataka majibu mawili: spindeli (mhimili unaozungusha biti au kazi) izunguke mara ngapi kwa dakika, na kisu kisogee kwa mwendo gani, na mwendo huo ndio fidi. Wapo mafundi wa siku nyingi wanaojibu kwa sikio na mkono. Sisi wengine tunafungua kikokotoo kwenye simu, tunajaza visanduku vitatu vinne, na namba mbili zinatokea. Zinakuja na desimali zake, zimenyooka, utadhani zimetoka kwa mtu aliyesimama hapo akaiona kazi yako. Hajaiona. Kikokotoo hakijui kwamba jiliwa lako limelegea, wala kwamba biti imechomoza nje ya kishikio kama mkono wa mtu anayeomba lifti.

Mpangilio ufuatao ndio ninaoufuata mwenyewe, na sehemu kubwa ya kazi iko kabla ya kugusa kisanduku cha kwanza.

Hatua ya 1: Fanya hesabu kwa mkono walau mara chache

Ndani ya vikokotoo vyote, vya bure na vya kulipia, imo fomula ileile:

n = (1000 × Vc) ÷ (π × D)

Hapo n ni mizunguko ya spindeli kwa dakika. Vc ni kasi ya kukata, yaani mita ngapi za chuma zinapita mbele ya makali katika dakika moja. D ni kipenyo kwa milimita. Ile 1000 inapatanisha mita na milimita, basi. Ukigawa 1000 kwa π unapata 318 na ushee, kwa hiyo njia ya mkato ni kuzidisha kasi kwa 318 kisha kugawa kwa kipenyo. Kichwani, tumia 300: utakosea kama asilimia 6, tena upande wa polepole, ambao hauunguzi kitu.

Chukua endimili (biti ya milingi inayokata kwa ncha na ubavu) ya haispidi, yaani feleji ya kukatia kwa kasi, ya milimita 10, yenye meno manne, kwenye chuma laini cha kawaida. Kasi ya kukata tuseme mita 25 kwa dakika. 1000 × 25 ÷ (3.1416 × 10) inakupa mizunguko 796.

Fidi ya meza inafuata:

Vf = n × z × fz

z ni idadi ya meno, fz ni unene ambao kila jino linatafuna kwa zamu yake. Kwa milimita 0.05 kwa jino: 796 × 4 × 0.05, sawa na milimita 159 kwa dakika. Kwenye leithi (mashine ya kukereza, inayozungusha kazi yenyewe) na drili hatuhesabu meno. Fidi inatajwa kwa mzunguko mzima. Ukikereza nondo ya milimita 50 kwa kisu cha kabaidi (ngumu kuliko haispidi, na inayovumilia joto zaidi), kasi mita 150, spindeli inakwenda 955, na kwa fidi ya 0.2 kwa mzunguko kisu kinatembea milimita 191 kwa dakika.

Ukishafanya hesabu za namna hii mara kumi hivi, jibu la kipuuzi utalinusa kabla halijafika mashineni. Hiyo ndiyo faida yake, maana kuhusu usahihi simu inakushinda.

Hatua ya 2: Kusanya habari zako kwanza

Andika kwenye karatasi, hata ya boksi: ni chuma gani, kisu ni haispidi au kabaidi, kipenyo, idadi ya meno, biti imechomoza milimita ngapi, mota ina nguvu kiasi gani, na mashine ina mwendo upi na upi. Mashine za mkanda na puli, au za gia, hazikupi kila mwendo unaoutaka. Zina namba zake kwenye kibao mlangoni na huna ujanja wa kupata katikati.

Kipenyo ndicho kinachowachanganya wengi. Kwenye drili na milingi (mashine ambayo biti inazunguka na kazi inasogezwa kwa meza), D ni kipenyo cha biti. Kwenye leithi, D ni kipenyo cha kazi inayozunguka, mahali pale hasa kisu kinapogusa. Ukitoboa tundu katikati ya nondo ya milimita 50 kwa biti ya milimita 8 iliyokaa kwenye mkia wa leithi, D ni 8. Ukichimba ndani ya tundu la milimita 30 kwa kisu cha ndani, D ni 30. Kikokotoo hakitakukatalia hata ukijaza uongo.

Kuna jambo jingine la leithi linalofaa kukumbukwa. Unapokata uso wa sahani ya milimita 100 kuelekea katikati, kipenyo kinapungua kila sekunde. Kisu kikifika kwenye kipenyo cha milimita 10, kasi ya kukata imebaki sehemu moja ya kumi, na katikati kabisa ni sifuri. Ndiyo maana uso wenyewe unang'aa pembeni na kukwaruzika katikati. Leithi za kompyuta zinatibu hilo kwa amri ya G96, inayoongeza mizunguko kadiri kipenyo kinavyopungua. Ukiitumia, weka na ukomo wa mizunguko (kwenye mashine nyingi ni G50, nyingine G92), la sivyo spindeli itakimbilia mwisho wake huku chaki (kibano kinachoshika kazi kwenye leithi) imebeba kazi nzito.

Hatua ya 3: Vipimo, vipimo, vipimo

Hapa nina kisa. Nilikuwa natoboa matundu ya milimita 12 kwenye bamba la chuma laini, biti ya haispidi, mpya. Nikachukua kasi kutoka jedwali lililobandikwa ukutani: 90. Nikaijaza kwenye kikokotoo, nikaweka 12, nikapewa mizunguko 2,387. Nikahamisha mkanda kwenye puli ya karibu na hapo, nikashusha mkono. Biti ilipiga ukelele kabla haijaingia hata milimita mbili, moshi ukapanda, na nilipoiinua pembe zake mbili za nje zilikuwa za buluu kama mafuta ya taa juu ya maji. Zimekwisha.

Jedwali la ukutani lilikuwa kwa futi. Futi 90 ni mita 27 na kidogo, na mizunguko iliyotakiwa ni kama 730. Nilikwenda zaidi ya mara tatu ya kasi inayofaa, kwa kosa la herufi mbili ambazo sikuzisoma. Kikokotoo hakikukosea hata desimali moja.

Basi kagua: kasi ni mita au futi kwa dakika? Kipenyo ni milimita au inchi? Fidi ni kwa jino, kwa mzunguko, au kwa dakika? Hizi tatu za mwisho zinaandikwa kwa kufanana mno, na kujaza fidi ya mzunguko kwenye kisanduku cha fidi ya jino kunaizidisha kwa idadi ya meno yote. Vikokotoo vingi vina kitufe cha kubadili mfumo, na baadhi vinakumbuka ulichochagua mara ya mwisho, au alichochagua aliyekuazima simu.

Hatua ya 4: Chagua kasi ya kukata

Hii ndiyo namba yenye uzito kuliko zote, na ndiyo ambayo kikokotoo hakiikokotoi. Kinaichota kwenye jedwali lake, au kinakutaka uijaze. Ikiwa kisu chako kina boksi lenye namba za mtengenezaji, hizo zinatangulia. Kama hazipo, kwa haispidi yenye maji ya kupoza naanzia hapa, kwa mita kwa dakika:

chuma laini: 25 hadi 30
chuma cha kusubu: 18 hadi 25
stenlesi ya kawaida, na feleji za kutengenezea vifaa kabla hazijagumishwa kwa moto: 12 hadi 18
shaba ya njano: 45 hadi 70
aluminiamu: 60 hadi 100

Kwa kabaidi zidisha mara tatu hadi tano. Chuma laini kinavumilia mita 100 hadi 200, na aluminiamu inapita 250 bila wasiwasi kama mashine yenyewe inafika huko. Kama huna maji ya kupoza, au hujui kabisa kile chuma ni cha aina gani (vyuma vya kuokota vina siri nyingi), anza chini ya safu.

Kwa nini kasi, na siyo fidi, ndiyo ya kuogopwa? Kwa sababu joto linafuata kasi, na joto ndilo linaloua makali. Frederick Taylor, mhandisi Mmarekani, aliwaeleza wahandisi mitambo wa Marekani mwaka 1906 matokeo ya majaribio yaliyochukua miaka 26, na kutoka kwake tuna kanuni inayofunga kasi na uhai wa kisu. Kwa namba zinazotumika kwa kawaida katika kanuni hiyo, haispidi ukiiongezea kasi kwa asilimia 20 tu, uhai wake unashuka chini ya robo. Kabaidi, kwa nyongeza hiyohiyo, inabaki na karibu nusu. Ukikuta biti inakufa baada ya matundu matano, usikimbilie kulaumu biti. Shusha kasi kwa moja ya tano kwanza uone.

Huyo Taylor alikuwa na hesabu yenye mambo 12 yanayobadilika, na hakuna fundi angeisimamia akiwa kwenye mashine. Mwenzake Carl Barth akatengeneza rula za kuteleza: unasogeza, unasoma kasi na fidi. Programu za simu ni wajukuu wa rula zile.

Hatua ya 5: Fidi, na kosa la kuwa mpole kupita kiasi

Wanaoanza wana hofu moja: kisu kisivunjike. Kwa hiyo wanasogeza polepole, nusu ya kile kikokotoo kimesema, halafu robo. Kisu kinaacha kukata, kinaanza kusugua. Makali hayana ncha kama unavyodhani. Yana mviringo mdogo, na ukitaka kunyoa unene mdogo kuliko mviringo huo, chuma kinasukumwa tu na kupata moto. Kwenye stenlesi ni balaa: sehemu iliyosuguliwa inakuwa ngumu zaidi, na jino linalofuata linakuta ukuta.

Kwa endimili ya milimita 10 kwenye chuma laini, 0.04 hadi 0.06 kwa jino ni mahali pazuri pa kuanzia. Ndogo zaidi inahitaji kidogo zaidi. Endimili ya milimita 3 ianze na 0.01 hadi 0.02. Biti ya drili kwenye chuma inakubali takriban asilimia 1 hadi 2 ya kipenyo chake kwa kila mzunguko, hivyo ya milimita 10 inachukua 0.1 hadi 0.2.

Sasa kuna mtego ambao vikokotoo vizuri vinaushughulikia na vya kawaida vinaupita kimya. Endimili ikila upana mdogo kuliko nusu ya kipenyo chake, unene halisi wa randa (kipande cha chuma kilichonyolewa) linalotoka ni mdogo kuliko fz uliyojaza. Jino linaingia pembeni, linakwangua tao fupi, linatoka. Kwa upana wa asilimia 10 ya kipenyo (milimita 1 kwenye biti ya 10), randa nene kuliko yote lina asilimia 60 tu ya fz. Uliweka 0.05, unakata 0.03. Ili upate 0.05 ya kweli, jaza 0.083. Kama kikokotoo chako hakina kisanduku cha upana wa kukata, hakijui jambo hili, na fidi kinayokupa kwa kazi ya pembeni itakuwa ya kusugua.

Kwenye leithi fidi inaamua pia sura ya uso. Kina cha mistari inayobaki ni takriban fidi kwa kipeo cha pili, gawa kwa mara 8 ya nusu-kipenyo cha pua ya kisu, yaani ncha yake iliyoviringwa. Pua ya 0.4 na fidi ya 0.2 inaacha mistari ya kina cha mikroni 12.5, ukishusha fidi hadi 0.1 inabaki mikroni 3 na kidogo. Ukitaka uso laini, huna haja ya kuongeza kasi kama mwendawazimu.

Hatua ya 6: Muulize mota kama anaweza

Kikokotoo kinachokupa mizunguko na fidi tu kimeacha swali la nguvu. Kwa milingi, zidisha kina cha kukata kwa upana kwa fidi ya meza (vyote kwa milimita), kisha zidisha kwa ugumu wa chuma kukatika, ambao kwa chuma laini ni karibu 2,000 na kwa aluminiamu karibu 700. Gawa kwa milioni 60. Jibu ni kilowati.

Endimili ya kabaidi ya milimita 10, meno manne, mita 120 kwa dakika: mizunguko 3,820, fidi 764. Ukishusha kina cha 10 na upana wa 5: 10 × 5 × 764 × 2,000 ÷ 60,000,000, karibu kilowati 1.3, bado hujahesabu kinachopotea kwenye mikanda na gia. Mota ya nguvu-farasi moja, yaani 0.75, itazimika katikati ya chuma na biti itavunjika papo hapo. Punguza kina kiwe 3, unapata kama 0.4, na kazi inaendelea. Kwenye aluminiamu kile kina cha kwanza kingepita vizuri.

Pamoja na nguvu kuna ugumu wa biti yenyewe kupinda. Biti ikichomoza mara mbili zaidi, inapinda mara nane. Ikiwa nyembamba kwa nusu, inapinda mara 16. Kabla ya kubadilisha namba yoyote kwa sababu ya mtetemo, legeza kishikio, irudishe biti ndani, kaza tena. Mara nyingi mambo yanaishia hapo.

Hatua ya 7: Patanisha jibu na mashine uliyonayo

Kikokotoo kimesema 796, mashine ina 540 na 910. Chagua ya chini, 540. Halafu, na hapa ndipo biti nyingi ndogo zinapovunjikia, kokotoa fidi upya.

Tazama mfano huu. Endimili ya kabaidi ya milimita 3, meno mawili, aluminiamu, mita 250 kwa dakika. Kikokotoo kinasema mizunguko 26,526 na, kwa 0.02 kwa jino, fidi ya 1,061 kwa dakika. Mashine yako mwisho wake ni 3,000. Unaweka 3,000, unaacha fidi ya 1,061 kama ilivyo. Kila jino sasa linatakiwa litafune 0.177, karibu mara tisa ya ulichokusudia, kwa kijiti cha milimita 3. Utasikia "tik" moja tu. Fidi sahihi kwa 3,000 ni 120. Kikokotoo chenye kisanduku cha ukomo wa mizunguko kinafanya hivi chenyewe, na kwangu hicho ni kigezo cha kwanza cha kuchagua programu.

Kwenye leithi soma pia namba iliyochongwa usoni mwa chaki. Kama jibu linaizidi, chaki ndiyo inayoamua.

Hatua ya 8: Kata kipande cha majaribio, ubadilishe kitu kimoja kimoja

Vaa miwani, toa ufunguo kwenye chaki, na anza na asilimia 70 hadi 80 ya kasi uliyopewa, ukiacha fidi kwa jino ilivyo. Kisha tazama maranda. Kwa haispidi, maranda ya chuma yatoke meupe au ya njano hafifu. Yakigeuka buluu, kasi ni kubwa. Kwa kabaidi buluu na kahawia si ugomvi, maana joto linaondoka na randa badala ya kubaki kwenye kazi. Vumbi badala ya maranda kwenye chuma laini maana yake fidi ni ndogo mno, ingawa chuma cha kusubu kwa asili yake hutoa vumbi na vipande. Usiyaondoe kwa mkono, hata mashine ikiwa imesimama. Yanakata kama wembe.

Pembe za biti zikiungua, shusha kasi. Makali yakimegeka vipande, angalia fidi na mtetemo. Aluminiamu ikigandamana kwenye makali, kasi iko chini au hakuna kilainishi. Mashine ikitetemeka na kulia, shusha mizunguko kwa robo, au ongeza fidi kidogo. Hili la pili linawashangaza watu, lakini randa nene humshikisha kisu adabu. Usiguse vitu viwili kwa pamoja, hutajua kipi kimetibu.

Ukitaka kikokotoo chako mwenyewe

Lahajedwali lolote linatosha. Weka kasi kwenye B1, kipenyo B2, meno B3, fidi kwa jino B4, ukomo wa mashine B5. Kwenye B6 andika =MIN(B5,1000*B1/(PI()*B2)), na kwenye B7 andika =B6*B3*B4. B6 ni mizunguko, B7 ni fidi kwa dakika, na ule mtego wa hatua ya 7 umezibwa kwa neno moja, MIN, linalochagua namba iliyo ndogo. Kwa leithi weka 1 kwenye meno na fidi ya mzunguko kwenye B4. Lijaribu kwa mfano wa kwanza: 25, 10, 4, 0.05 na ukomo wa 3,000. Likikupa 796 na 159, liko sawa.

Kisha ongeza safu pembeni: chuma gani, biti gani, ilichomoza kiasi gani, mizunguko uliyoishia nayo baada ya kurekebisha, maranda yalikuwa na rangi gani, biti ilidumu matundu mangapi. Yangu ina mistari mia na kitu sasa, na mstari wa biti ya milimita 12 umepakwa rangi nyekundu.